Starehe ya Mmoja na Barabara ya Wote

Moto wa jikoni hupika chakula, na moto uo huo ukifika darini huunguza nyumba. Hakuna aulaumuye moto. Twalaumu mahali ulipowekwa. Swali ninalotaka tulifikiri, enyi vijana, ni la namna hiyo. Je, chombo kilichobuniwa kwa ajili ya mashindano, ambacho huko mashindanoni hakina lawama yoyote, chaweza kuwa kosa kikihamishiwa barabara ya watu wote? Nauliza kwa sababu ya gari la ndugu yangu mdogo.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Injini huchoma petroli pamoja na hewa, na kadiri hewa inavyozidi ndivyo petroli nyingi zaidi inavyoweza kuungua na nguvu kuongezeka. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo la kuutumia moshi utokao katika injini, ambao kabla ya hapo ulipotea bure, kuzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo huzungusha jingine, na hilo la pili huisukuma hewa ndani ya injini. Hiyo ndiyo turbo, na katika magari ya siku hizi huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ila yake ni moja. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, moshi hupungua na gurudumu hulegea. Akikanyaga tena, nguvu hukawia kidogo kuja.

Kwa msafiri wa kawaida kukawia huko si kitu. Kwa mshindani ni ushindi uliopotea. Basi mafundi wa mbio za magari wakabuni mtambo uitwao antilagi, ambao ulienea sana katika miaka ya 1990. Dereva aondoapo mguu, mtambo huchelewesha cheche za plagi na kuachia hewa na petroli zipite, hata sehemu ya petroli ikaungua nje ya silinda, ndani ya bomba la moshi, karibu na turbo. Milipuko hiyo hulifanya gurudumu lisilale. Ndiyo asili ya ile milio kama ya bunduki na ndimi za moto nyuma ya gari. Joto lake ni kali mno. Turbo na vali huchakaa upesi, petroli huteketea bila kusogeza gari, na chombo cha kusafisha moshi huharibika.

Katika Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kurudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, milio ya namna hiyo haimdhulumu mtu. Njia imefungwa. Mtazamaji ameamka alfajiri kwa hiari yake, akabeba chai na mwavuli, akaja kuutafuta mlio huo. Asipousikia atarudi nyumbani amenuna.

Kuna jambo moja katika historia ya magari haya ambalo halinitoki akilini. Kanuni za mashindano zilivitaka viwanda viuzie umma magari yanayofanana na yale ya mbio. Toyota ilipotoa Celica GT-Four ya mwaka 1994, magari 2,500 yaliyotengenezwa kwa kutimiza kanuni hiyo yalikuwa na vifaa vya antilagi tangu kiwandani, lakini vifaa hivyo vilikuwa vimelazwa, havikufanya kazi. Wale walioujua mtambo kuliko watu wote waliuweka mkononi mwa mnunuzi ukiwa usingizini. Sisemi kwamba waliongozwa na huruma. Yamkini walihofia turbo kuharibika kabla ya wakati wake. Walakini walijua kwamba barabara si uwanja.

Ndugu yangu ni fundi hodari, na hoja zake si za kipuuzi. Hunitania kwa kuniita Mwalimu, kisha husema, "Kaka, gari ni langu, turbo ni yangu, na ikifa nitanunua nyingine." Hapo ana haki kabisa, nami sina la kumjibu kuhusu turbo yake. Husema pia kwamba gari lisilokawia ni salama zaidi kulipita lori. Hilo sikubali, dereva ajuaye gari lake hubadili gea mapema, au hungoja. Mwisho husema ukweli wenyewe, kwamba anaupenda mlio. Nilipanda naye siku moja, na nisiwe mnafiki: moyo wangu ulichangamka kama wa mtoto. Furaha ni jambo jema, wala simwamini mwalimu anayeifundisha kuwa dhambi. (Wapo wengine ambao huibadili kompyuta ya gari ili itoe mlipuko tu, bila faida yoyote kwa turbo. Hao hata hoja ya lori hawana.)

Siku hiyo hiyo, katika mji wa Nakuru, tulikaribia kituo cha matatu. Palikuwa na matuta, ndugu yangu akaondoa mguu, na mtambo ukalipuka mara tatu. Niligeuka nyuma. Mama mmoja mtu mzima alikuwa amejitupa chini kando ya kapu lake la mboga, mikono kichwani. Januari mwaka 2008 mji huo ulisikia risasi za kweli, na watu walikufa. Sikupata kumwuliza mama yule alikumbuka nini. Tulikwisha kupita, ndugu yangu, aliyekuwa akitazama mbele kama ilivyo wajibu wa dereva, hakuona kitu.

Tangu hapo nimeielewa tabia ya mtambo huu ambayo sikupata kuisoma kwa mafundi. Hulipuka wakati dereva aondoapo mguu. Katika mbio, mahali hapo ni kona ya porini. Barabarani twaondoa mguu wapi? Kwenye matuta, kwenye kivuko cha wanafunzi, penye soko, penye lango la hospitali; yaani pale pale palipo na watu, na kwa sababu ya watu hao. Tendo la kuwahurumia ndilo huwapigia mzinga. Kanuni za kuzuia kelele Kenya inazo tangu mwaka 2009, lakini sitaki kujificha nyuma ya askari. Mwenye gari hulipia petroli na turbo kwa fedha yake. Mama yule alilipa kitu kingine, wala hakuulizwa kama anayo akiba.

Nilimweleza ndugu yangu niliyoyaona, akanyamaza, kisha akasema huenda mama alijikwaa. Sikubishana. Jumamosi moja jioni nilimwomba tusimame kwa miguu katika kituo kile kile. Gari la rafiki yake likapita, likapunguza mwendo kwenye matuta, likalipuka. Mtoto mgongoni mwa mamaye akaanza kulia, na ndugu yangu mwenyewe akaruka hatua nzima.

"Kaka," akaniuliza baadaye, "hata langu husikika hivyo kutoka nje?"

Swichi ya mtambo ule iko kando ya usukani wake. Hadi leo hajaing'oa.