Upendo wa Sirinji

Rafiki yangu anataka kununua kinda la kasuku wa kijivu kwa mfugaji. Anajitetea kwamba ndege huyo hakutegwa msituni. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2016 nchi za mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wanaonaswa porini, maana walikuwa wanaisha.

Lakini swali langu liko kwingine. Wafugaji wengi humtoa kinda kwa mamake kabla hajajua kula, wakamlisha uji kwa sirinji ili azoee binadamu. Halafu akitulia begani mwako unasema, “Ananipenda.” Sawa, lakini alikuwa na nani mwingine wa kumpenda?

Tena kasuku huyu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Wewe una miaka 24, na unahama kila kodi ikipanda.

Kwa hivyo namwambia rafiki yangu: ukiweza kunitajia leo atakayemtunza siku ukishindwa, nunua. Usipoweza, huyo unayemwita mpenzi umemfanya tegemezi tu, na kumfanya kiumbe akutegemee ni deni.