Moto Ni Adui: Tusimfungie Njia Ajaye Kutuokoa



Apitaye Biashara Street siku za kukaribia Idi huiona neema ya Mwenyezi Mungu: maduka yamejaa leso na vikoi, wanunuzi wamesongamana, na marobota yamepangwa mpaka nje ya milango. Twamshukuru Mola kwa riziki hiyo. Lakini twamwuliza kila mwenye robota lake njiani: moto ukitoka usiku huu, na juu ya duka wamelala mama na watoto, gari la zimamoto litapita wapi?

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Abu Musa, kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na wenyewe wamo ndani. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari yao aliwafahamisha watu ya kuwa moto ni adui yao, akawaamrisha wauzime wanapolala. Tazameni, ndugu zangu: hakusema kuwa hiyo ni kadari, basi na wanyamaze. Kadari twaiamini, lakini kuiamini kadari si kuacha sababu. Na katika hadithi nyengine alitahadharisha kwamba hata panya aweza kuuburura utambi wa taa akawaunguzia watu nyumba yao.

Utambi wetu wa leo ni waya uliochunika, plagi moja iliyobebeshwa pasi, feni na friji, mtungi wa gesi usiofungwa, chetezo kilichoachwa na makaa, na dawa ya mbu iwakayo chini ya pazia. Na wako wenzetu watundikao hirizi mlangoni ili nyumba isiungue, na hali waya zi wazi juu ya vichwa vyao! Je, hii ndiyo dini? Hirizi haizimi moto.

Usiku wa kuamkia 28 Juni 2018, moto wa Gikomba, Nairobi, uliua watu 15. Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 14 Juni 2017, jumba la Grenfell mjini London liliteketea kwa moto ulioanzia kwenye friji, wakafa watu 72. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Waislamu waliokuwa macho wakingoja daku walikuwa miongoni mwa waliogonga milango kuwaamsha majirani. Hawakuuliza aliyelala ni wa dini gani. Hiyo ndiyo haki ya jirani.

Kuzima moto ni kazi ya serikali za kaunti kwa Katiba ya mwaka 2010, nasi tuna haki kuidai ifanywe vyema. Lakini twadai nini, ikiwa sisi wenyewe ndio tulioifunga njia? Mtume (S.A.W.) ameifunza umma wake kuwa njia ina haki yake, na kwamba kuondoa kinachoudhi njiani ni tawi la imani. Basi anayekiweka hapo ajipime mwenyewe. Wala asiseme, "Jirani yangu naye ameweka." Kila mtu ataulizwa lake.

Kwa hivyo yatupasa haya. Kwanza, kabla ya kulala, tuzime makaa na tufunge gesi. Pili, ufunguo wa mlango wa chuma uwe mahali pamoja panapojulikana na kila aliyemo nyumbani, hata mtoto. Tatu, marobota, mikokoteni na magari visizibe njia wala kichochoro, usiku na mchana. Nne, moto ukitokea, watu watoke, wala asirudi mtu kwa ajili ya mali. Mwenye kupita katika moshi ainame chini. Mafuta yawakayo yasimwagiwe maji. Tano, ipigwe simu 999 au 112, utajwe mtaa na msikiti au duka lililo karibu, na vijana wawili wasimame pembeni mwa barabara wawaongoze wazima moto. Wengine wawapishe, wasijazane kutazama.

Katika Mji wa Kale viko vichochoro visivyopitisha gari kabisa. Huko mpira wa maji hukokotwa kwa mikono, na kila kikwazo ni dakika iliyopotea. Na dakika moja yaweza kuwa ndiyo roho ya mtu.

Ndugu zangu, ukifunga duka leo, tazama mlangoni pako, uondoe robota lako.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi sisi na majirani zetu. Amin.