Furaha ya nani inahesabiwa?

Watu wengi wakisikia kwamba ipo serikali duniani inayopima furaha ya watu wake badala ya pesa, wanapiga makofi kwanza, maswali baadaye. Vijana ninaofanya nao kazi hapa Nyarugusu ni hivyo hivyo. Nikitaja nchi ya Bhutan kwenye mdahalo, karibu wote wanahamia upande wa furaha. Upande wa pesa anabaki mmoja tu, na huyo ni muuza sabuni. Ninawaelewa. Lakini katika habari za Bhutan kuna jambo ambalo mkimbizi hawezi kulipita hivi hivi kama halimhusu. Nitalifikia. Kwanza tuwape watu wa furaha haki yao.

Mimi natoka Kivu Kusini. Mwaka 2022 na 2023 uchumi wa Kongo ulikua kwa zaidi ya asilimia 8 kila mwaka, mwendo ambao nchi nyingi zinauota tu. Chanzo kikubwa ni shaba na kobalti ya Lualaba na Haut-Katanga. Miaka hiyo hiyo vita vya M23 vilikuwa vimerudi Kivu Kaskazini na watu kwa mamia ya maelfu wakabeba magodoro kichwani. Hesabu ya pato la taifa haina mstari wa magodoro. Tani ya kobalti inaandikwa. Shamba la mihogo lililoachwa linaandikwa kwa makisio, kama linaandikwa, maana mama mwenye shamba hakuwa akiuza, alikuwa akilisha watoto. Kwa hiyo nchi inaweza "kukua" huku watu wake wakikimbia, na waziri akasimama mbele ya kamera akatabasamu bila kusema uongo hata mmoja. Simon Kuznets, mchumi aliyeisaidia Marekani kutengeneza hesabu hizi, aliliambia Baraza la Seneti mwaka 1934 kwamba huwezi kujua ustawi wa taifa kwa kutazama kipato chake tu. Miaka tisini imepita, bado wanakazana kutazama hicho hicho.

Kwa hiyo mfalme wa Bhutan hakukosea swali. Jigme Singye Wangchuck alirithi kiti mwaka 1972, ana miaka 16, na katika miaka hiyo ya sabini akaanza kusema kwamba furaha ya taifa ni muhimu kuliko pato la taifa. Halikubaki neno la hotuba. Katiba ya 2008, kifungu cha 9, inaitaka serikali iweke mazingira ya watu kuitafuta furaha. Wametengeneza kipimo chenye nyanja 9 na viashiria 33: afya, elimu, hali ya maisha, utawala, mazingira, utamaduni, uhai wa jamii, utulivu wa nafsi, na matumizi ya muda. Watafiti wamezunguka nyumba kwa nyumba mwaka 2010, 2015 na 2022. Mara ya mwisho walihoji watu zaidi ya 11,000. Misitu lazima ifunike angalau asilimia 60 ya nchi, imeandikwa kwenye katiba. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ukapitisha azimio juu ya furaha kwa pendekezo lao, na ndiyo maana kila tarehe 20 Machi tunaambiwa ni siku ya furaha duniani.

(Hapo kwenye matumizi ya muda nilicheka peke yangu. Wanapima saa za kazi na saa za kulala: usifanye kazi kupita saa 8, ulale vya kutosha. Kijana wa kambini asiye na kibali cha kutoka wala kazi ya kufanya angefaulu mtihani huo vizuri kabisa.)

Sasa jambo lenyewe.

Kusini mwa Bhutan waliishi watu wanaosema Kinepali, wengi wao Wahindu, wanaoitwa Lhotshampa, yaani watu wa kusini. Babu zao walianza kulima huko tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1985 ikaja sheria mpya ya uraia, na mwaka 1988 ikaja sensa. Mwananchi aliulizwa ushahidi kwamba alikuwa ndani ya nchi mwaka 1958, kwa mfano risiti ya kodi ya shamba. Hebu fikiria risiti ya miaka thelathini, kwenye nyumba ya udongo, mvua za Himalaya. Aliyekosa aliweza kuandikwa mgeni. Wakongo wenzangu hesabu ya namna hii wanaijua: sheria ya uraia ya Zaire ya mwaka 1981 ilidai babu zako wawe ndani ya mipaka mwaka 1885, wakati ambapo hiyo mipaka yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inachorwa Ulaya.

Mwaka 1989 ikatolewa amri watu wote wavae vazi la watu wa kaskazini na wafuate adabu zao, na Kinepali kikaondolewa shuleni. Mwaka 1990 watu wa kusini wakaandamana. Wakakamatwa, wakapigwa, wakatishwa. Halafu wakaanza kusainishwa fomu kwamba wanahama kwa hiari yao. Mmoja wao alisimulia baadaye kwamba alipigwa picha akiondoka, akaambiwa atabasamu, aonyeshe meno.

Watu zaidi ya 100,000 wakaishia kwenye kambi za mashariki mwa Nepal, wilaya za Jhapa na Morang. Inakadiriwa ni mtu mmoja kati ya sita wa nchi nzima. Mazungumzo ya Nepal na Bhutan yalikwenda miaka na miaka, hayakumrudisha mtu nyumbani. Kuanzia 2007 wakaanza kupelekwa nchi za tatu, wengi wao Marekani, kwa utaratibu ule ule tunaouita hapa "mchakato". Wazee wa hapa wakisikia kambi za miaka ishirini wanatikisa kichwa tu, maana hii yetu ilifunguliwa mwaka 1996.

Kuna watakaosema: kijana, unachanganya mambo. Ubaguzi ni ubaguzi, hata serikali inayoabudu pesa inafukuza watu. Na kipimo chenyewe kilikuja baada ya watu kufukuzwa. Ni kweli, na sisemi kwamba furaha ndiyo iliyowafukuza Lhotshampa. Ninasema furaha haikuwalinda, na sababu inaonekana ukiangalia kipimo kinavyofanya kazi.

Idi Amin alipowafukuza Wahindi na Waasia wengine Uganda mwaka 1972, uchumi ulimsema. Maduka yalibaki matupu, viwanda vya sukari vikayumba, na hata aliyewachukia Waasia aliiona bei ya sukari. Pesa ni shahidi mbaya, lakini hapo alisema kitu. Furaha ya wastani inaweza kunyamaza kabisa. Ukimfukuza mwenye huzuni, hayupo tena siku ya dodoso. Wanabaki waliofurahi naye akiwepo, na pengine waliofurahi zaidi alipoondoka. Wastani unapanda. Hakuna aliyedanganya hesabu, kwa sababu wastani hauna kumbukumbu ya watu ambao hawapo.

Na kuna la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Serikali ikisema itatuongezea kipato, hainiulizi mimi ni mtu wa namna gani. Ikisema itatuongezea furaha, lazima kwanza iamue furaha inafananaje. Ndani ya ule utamaduni kwenye zile nyanja tisa, kimojawapo cha viashiria ni kufuata adabu za kitaifa, zile zile zilizoamriwa mwaka 1989. Kwa watu wa kaskazini hizo ni adabu za mama na baba, kweli zinawapa raha. Kwa mwanamke wa kusini zilikuwa faini. Kitu kimoja, na kwenye jedwali kinaonekana kama furaha kwa wote wawili.

Tena sisi wasema Kiswahili tungekuwa watu wagumu sana kupimwa. Ukinisalimu "habari za nyumbani?" nitakujibu "nzuri", halafu ndiyo nikwambie mtoto yuko hospitali. Hilo si unafiki, ni heshima. Mtu hamwagi msiba wake mlangoni. Mwaka fulani walipita hapa vijana wenye tableti, wa shirika moja, wanauliza watu wajipe alama ya maisha yao kuanzia 0 mpaka 10. Jirani yangu, mama wa watoto sita, alijipa 8. Nilikuwepo kama mkalimani. Walipoondoka nikamuuliza, mama, nane kweli? Akasema, "Sasa mwanangu, nimwambie mgeni Mungu amenipa mbili?"

Amartya Sen, mchumi wa India, ameandika sana juu ya hili: mtu aliyenyimwa kwa muda mrefu hujifunza kutaka kidogo, na kidogo kile kikija anafurahi kweli. Ukimpima kwa furaha yake utasema hana shida. Mgao ukipunguzwa, mwezi wa kwanza watu wanalia, wa pili wananung'unika, wa sita wameshazoea, na ukirudi kwa ghafla kwenye ule wa zamani ni sherehe. Mwenye dodoso akija siku ya sherehe ataandika nini?

Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma jarida hili, sisemi mwache kuuliza. Kipimo cha furaha kimefanya jambo ambalo pato la taifa halikuweza: kimewaleta watu wenye kalamu mpaka mlangoni. Ila swali la furaha lina mlango mwembamba. Yule mama niliyemtaja, ungemuuliza ni kitu gani kinamwamsha usiku, angekujibu bila kuchelewa: karatasi za mtoto wa nne, ambaye jina lake limekosewa kwenye kadi. Hilo linarekebishika. Alama 8 haina cha kurekebisha.

Kwa upande wa serikali nina pendekezo moja tu, na vijana wa mdahalo wameshanicheka nalo. Nchi yoyote inayotangaza wastani wa furaha yake, au asilimia ya kukua kwake, iandike kwenye ukurasa huo huo idadi ya watu wake walioko nje kama wakimbizi. Kongo ingeandika zaidi ya milioni moja chini ya ile asilimia 8. Burundi nayo iandike. Na Bhutan ingetafuta safu ya kuwaweka wale waliotajwa kwenye habari za mwaka 2025: walihamishiwa Marekani wakitokea kambini, Marekani ikawarudisha Bhutan, na wengine wakajikuta wamepitishwa mpaka wa India na kuishia Nepal, Beldangi, kwenye kambi ile ile waliyoiacha.