Dhima ya Mwenye Taa

Miongoni mwa masuala ambayo wanazuoni wetu wa zamani hawakuwa na haja ya kuyachimba, kwa kuwa taa za zama zao zilikuwa za mafuta na utambi na hazikumdhuru mtu ila zilipopinduka, ni hili: mtu aliyenunua nuru kwa mali yake ya halali anaimiliki nuru ile mpaka wapi? Mpaka kwenye kioo cha taa yake, au mpaka pale inapokomea, hata ikiwa inakomea ndani ya jicho la mtu asiyemjua? Suala hili lilinifikia kwa njia ya kidunia kabisa, kupitia kwa jirani yangu wa hapa Kilimani mwenye lori la Isuzu la kubebea mchanga, ambaye alikwenda Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee wa Nairobi wangali wakiiita Grogan, kununua balbu mbili za akiba, akarudi bila balbu lakini na shaka moyoni. Maana muuza spea alimfungulia kijisanduku chenye taa za zenoni, akamwambia, "Mzee, ukifunga hizi, usiku wako ni mchana," naye, akiwa mtu mwenye kuichunga dini yake, alitaka kujua kabla ya kutoa pesa kama mchana huo ni halali kwake katika njia anayoshirikiana na watu wengine.

Ili hukumu isitangulie ujuzi, yafaa tuieleze taa yenyewe. Balbu ya kawaida ya lori kama lile, iitwayo halojeni, ina nyuzi mbili nyembamba, mmoja wa taa kubwa ambayo madereva huiita fuli, na wa pili wa taa ya chini waiitayo dimu. Na chini ya uzi huo wa pili pana kikombe kidogo cha bati, kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, ambacho kazi yake yote ni kuzuia, kwani huuzuia mwanga usiifikie nusu ya chini ya kiakisi, ili kila mwale utokao uelekezwe barabarani na juu yake pabaki kiza. Zenoni haina uzi. Ndani ya kichupa chake mna gesi na chumvi za madini, na umeme huruka baina ya ncha mbili baada ya kushtuliwa kwa volti zipitazo 20,000 kutoka katika kisanduku ambacho mafundi hukiita balasti. Kisha taa huendelea kuwaka kwa wati 35 tu, ilhali balbu ya lori la volti 24 hula wati 70 kwenye dimu, na juu ya uchache huo wa umeme hutoa mwanga uzidio maradufu. Kampuni ya BMW ilipoitia taa hii katika gari zake za kifahari mwaka 1991 haikubadili balbu peke yake, bali iliijengea taa nzima. Na kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa Ulaya zinataka taa yenye nguvu ya kupita lumeni 2,000 ifuatane na chombo cha kujisawazisha chenyewe na kingine cha kuosha kioo, kwa sababu hata vumbi likikaa juu ya kioo huutawanya mwanga huo machoni mwa watu.

Kinachouzwa vibandani, basi, ni kichupa kilichoondolewa nyumbani kwake. Kikitiwa katika nyumba iliyojengewa halojeni, mwanga huzaliwa mahali pasipo pake na kwa umbo lisilo lake, na kiakisi, ambacho hakijui ila hesabu kilichopewa kiwandani, huutupa huku na huko. Tena lori liko juu kuliko gari ndogo, na likishajazwa mchanga nyuma pua yake huinuka, hata kile kilichokuwa kikitazama lami kikawa kinatazama vioo na nyuso. Sisemi habari za taa kuukuu ziletwazo kutoka nchi ambazo watu hupita upande wa kulia, ambazo mwale wake wa pembeni, badala ya kumulika ukingo wa kushoto wanakotembea waendao kwa miguu, huvuka na kumkabili dereva ajaye. Hizo hazihitaji fatwa.

Hata hivyo, insafu yatutaka tumsikilize mwenye lori. Yeye hatafuti pambo. Majumba ya ghorofa yanayochipuka Kilimani, katika viwanja ambavyo zamani vilikuwa na nyumba moja moja na bustani yake, hula mchanga usiokwisha, na mchanga huo hutoka pande za Kajiado na Machakos, mara nyingi usiku, katika njia ambamo lori lililoharibika huachwa bila taa, likiwekewa matawi ya miti nyuma yake kuwa ndiyo onyo, na ambamo punda na mchungaji wake hawavai kitu chenye kung'aa. Dereva aliyemkosakosa mtu mara moja katika kiza cha namna hiyo hawezi kulaumiwa akitamani jua dogo mbele ya gari lake. Mafakihi wamekubali kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa. Lakini wakaongeza kwamba hukadiriwa kwa kadiri yake, na kwamba dhara haliondolewi kwa dhara lililo mfano wake. Hapo ndipo penye uzito, maana akinunua usalama wake kwa kumtia upofu wa muda anayemkabili, hakuiondoa hatari barabarani, ameihamisha tu kutoka upande mmoja wa mstari mweupe hadi upande wa pili, na baina ya pande hizo mbili hapana ukuta.

Wala si hakika kwamba amenunua usalama. Abu Ali ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeandika *Kitab al-Manazir* huko Misri mwanzoni mwa karne ya 11, alianza uchunguzi wake wa kuona kwa jambo ambalo kila mtu analijua na wachache wamelitafakari, kwamba jicho huumia likitazama mwanga mkali, na kwamba aliyetoka kuutazama mwanga mkali kisha akageukia mahali hafifu hukaa kitambo haoni vizuri. Jambo hilo halimpati yule ajaye peke yake. Taa ikimwaga mwanga mwingi mno katika lami iliyo karibu na bampa, mboni za dereva mwenyewe hufinyana, na kule mbali, ambako ndiko atakakokutana na punda, huzidi kuwa kiza. Naye hufurahi, kwa kuwa hapa karibu kunang'aa. Hiyo ndiyo ghururi ya taa. Na ghururi yake kubwa zaidi iko katika rangi: ile iandikwayo 4,300 kelvini ndiyo inayotoa mwanga mwingi wa kutumika, lakini wanunuzi hutaka 6,000 au 8,000, yenye ubuluu, ambayo hutoa mwanga pungufu na sifa nyingi.

Imamu al-Ghazali, aliyefariki Tus mwaka 1111, aliandika mwishoni mwa umri wake kitabu *Mishkat al-Anwar* kuhusu aya ya nuru, na humo aliwagawa waliozuiwa wasimwone Mola wao kuwa wako waliozuiwa na giza tupu, waliozuiwa na giza lililochanganyika na nuru, na waliozuiwa na nuru tupu. Fungu hilo la tatu huwashangaza wasomaji, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba pazia ni giza siku zote; lakini yeyote aliyewahi kukabiliwa na zenoni iliyofungwa ovyo, akapita mita kadhaa bila kuona ukingo wa barabara, hana haja ya kufasiriwa. Sidai kwamba al-Ghazali alikuwa akisema habari za malori. Nadai tu kwamba alijua kuwa nuru isiyo na mpaka huficha, na kwamba kile kikombe cha bati katika balbu, ambacho si kitu ila kizuizi, ni sehemu ya nuru yenyewe kama ulivyo uzi unaowaka.

Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume aliwahadharisha masahaba zake wasikae njiani, nao wakaeleza kwamba hawana budi, kwa kuwa hapo ndipo penye mazungumzo yao. Hakuwakatalia haja yao, ila aliwataka waipe njia haki yake, na miongoni mwa haki hizo akataja kuinamisha macho na kuzuia maudhi. Nimefikiri mara nyingi kwamba dereva apunguzaye taa kubwa anapoona gari la mbele anafanya kwa mkono jambo lililo karibu sana na lile la kwanza. Lakini aliyefunga zenoni katika kiakisi kisicho chake hana cha kupunguza. Dimu yake nayo ni fuli, na adabu ameiondoa katika chombo kabla haijawa juu yake kuitenda au kuiacha.

Jirani yangu alileta hoja ambayo huletwa na wengi: wenzake wote wamefunga, na mwenye taa hafifu katika njia ya taa kali ndiye apofushwaye zaidi. Ni kweli, lakini ni kweli inayomhukumu kila mmoja wao, maana kila anayefunga humpa jirani yake sababu ya kufunga iliyo kali zaidi. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ipo, na ukaguzi wa kila mwaka wa magari ya biashara chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama upo. Ila mwenye hila aweza kurudisha balbu za zamani kwa siku moja ya ukaguzi, na usiku unaofuata akawa ni yule yule.

Kinachonitisha mimi si mkaguzi. Wanazuoni wametenga haki za Mungu na haki za waja, wakasema kwamba hizi za pili hazifutwi kwa toba ya mwenye kukosa peke yake, mpaka arudishe alichochukua au asamehewe na mwenyewe. Sasa fikiri kosa hili la barabarani. Mwenye bodaboda anashuka Argwings Kodhek saa tatu usiku, katika barabara iliyopewa jina la waziri aliyefariki humo humo Januari 1969 kwa tukio lililotangazwa kuwa ajali ya gari. Lori linamkabili, anafumba macho, anapapasa breki, anapita. Labda amefika kwake salama. Labda ni mzee, ambaye jicho lake huchelewa kurudi katika hali yake, akagonga ukingo baada ya lori kwisha kupita, na dereva wa lori hakusikia kitu. Ukimpiga mtu kofi, unamjua wa kumwomba radhi; lakini huyu uliyemwibia macho kwa muda amepita, hukuona uso wake, na ndiyo maana hasa hukuuona: alikuwa nyuma ya nuru yako. Kwa usiku mmoja kutoka Kajiado mpaka Kilimani mtu anaweza kujipatia wadai wengi asiowajua hata mmoja.

Kwa hiyo nilimwambia aache kile kijisanduku, wala nisimwachie kiza. Asugue vioo vya taa vilivyopata umanjano, abadili viakisi vilivyochujuka, atie waya nene na rilei mpya ili umeme ufike balbuni bila kupungua njiani, anunue halojeni nzuri ya volti 24, si ya volti 12 ambayo itaungua siku hiyo hiyo. Kisha fundi azielekeze taa ukutani lori likiwa limepakiwa, si tupu kama wafanyavyo wengi. Na akiona lazima awe na zenoni, atafute taa nzima iliyotengenezwa kwa ajili yake, yenye lenzi na mpaka wake, kwa upande wetu wa barabara, na alipe bei yake.

Akakubali, kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: vipi wale aliowamulika kwa fuli miaka yote hii? Nikamjibu kwa lile walilolisema wanazuoni kuhusu mdai asiyepatikana, kwamba atolewe sadaka kwa niaba yake na aombewe. Akataka kujua ni kiasi gani. Kitabu hakikutaja kiasi, na mimi sikutaka kukibuni. Nilimwachia mwenyewe, nikamkumbusha tu kwamba kiakisi cha kushoto ndicho kilichochakaa zaidi, aanzie hapo.