Kinachokuja bila sauti

Kaa hapa kivulini, mwanangu, uzime kwanza hicho chombo chako. Ah, kumbe umeshakizima. Basi ona: niko hatua tatu tu kutoka kilipo, wala sijui kama kinawaka au kimezimwa. Neno langu la leo ndilo hilo, mengine ni kulirefusha.

Sikukuita nikugombeze. Nimechoka kugomba. Kinga, hizi baiskeli, zilipojaa hapa Sandoa niligomba juu ya breki. Pikipiki zilipokuja niligomba juu ya watoto wanaopakiwa kwenye tangi la mafuta. Hakuna aliyeacha. Lakini wewe ni mtoto wa dada yangu, na hicho cha magurudumu matatu ndicho cha kwanza katika kartye yetu, mtaa wetu huu. Kikiwa kimoja tunaweza kuongea nacho. Vikiwa thelathini, vitaongea vyenyewe.

Sheria ya barabara tunayofuata Kongo ni ya Agosti 1978. Naikumbuka kwa sababu nilikuwa Kolwezi, na vita iliyopiganwa pale mwezi wa Mei ilikuwa na miezi mitatu tu tangu iishe. Watu walikuwa bado wanaziba matundu ya risasi ukutani. Walioiandika walijua lori, gari, pikipiki, kinga. Kitu kinachokwenda kwa betri, kimebeba magunia manne ya mihogo, kinateleza kama mtu anayetembea peku, hawakukiota. Ndiyo maana polisi anakutazama tu ukipita. Hajui akudai karatasi au akuache kama mtu wa kinga. Wewe unafurahi. Mimi naogopa, maana wataamua wewe ni nani siku utakapomgonga mtu, na siku hiyo hawataamua kwa huruma.

Sasa nikueleze nilichokiona jana. Mama mmoja alitoka njia ya kisima, beseni kichwani, maji yamefika ukingoni, na juu ya maji ameweka jani ili yasiruke. Mwenye beseni hageuzi shingo. Alipofika barabarani akasimama, akasikiliza, akavuka. Ndivyo tunavyovuka sote hapa. Pikipiki tunaisikia ikiwa bado mbali huko upande wa mto Lulua, na lori tunalisikia kabla halijaamua kuja. Kumbe wewe ulikuwa nyuma yake. Ulikwenda polepole, sikatai, hata mbwa angekupita. Yeye alihisi upepo kwenye mguu, akashtuka, jani likaanguka na maji yakamshuka mgongoni. Alisimama pale akitafuta aliyemfanyia hivyo. Wewe ulikuwa umeshafika kwa muuza vocha, hukujua kitu.

Kila nikikwambia unanijibu, Papa, kinakwenda polepole, hakiui. Huo upole wake ndio unaonitisha. Wazungu, wenye lami na taa na watu wasiobeba beseni, wameliona. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021, gari jipya la umeme haliuzwi bila kifaa cha kulifanya litoe sauti linapokwenda chini ya kilomita 20 kwa saa. Sikia vizuri: linapokwenda polepole. Likikimbia, matairi yenyewe yanapiga kelele. Na hata amri hiyo ni ya magari. Vyombo vidogo kama chako haikuvigusa. Jirani zetu wa Kigali nao wamesema, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria haisajiliwi mjini mwao isipokuwa ya umeme. Vizuri. Wao wana wa kuandika na wa kusimamia. Sisi tukingoja Kinshasa ikumbuke magurudumu matatu ya Sandoa, nitakuwa nimezikwa.

Kuna jambo la pili, fupi. Juzi uliwaambia wenzako kwamba hii ni kobalti yetu imerudi nyumbani. Walicheka, nami nilicheka. Lakini inua kiti. Betri tano, kila moja inakuvuta mkono chini. Nimeshughulika na betri za malori miaka mingi, uzito huo naujua gizani: ni risasi na asidi. Kobalti ya dunia zaidi ya thuluthi mbili inatoka Kongo, na chombo chako hakina hata punje. Hapo tucheke. Betri zikifa, atakuja mtu na faranga zake, azivunje, ayeyushe ile risasi nyuma ya jiko ambapo watoto wanacheza. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, moshi wa kiwanda kilichoyeyusha betri uliwaingia watoto kwenye damu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kwetu nani atapima damu ya mtoto?

Shefu wa kartye nimeshakaa naye na daftari. Mbele ya shule na sokoni, uende mwendo wa mtu anayetembea. Giza likianza, taa. Betri iliyokufa irudi Kolwezi na lori, haivunjwi hapa. Faini bado tunabishana: yeye anataka faranga, mimi nasema anayekosa abebe maji ya wagonjwa siku nzima, kichwani. Hayo tutayamaliza wenyewe.

La sauti ndilo lako. Kengele ya kinga haitoshi, maana unaipiga ukimwona mtu, nami nataka akusikie yule usiyemwona. Mwanao amefunga makopo ya nyanya kwenye kigari chake cha waya, na tangu asubuhi nyumba nzima inajua alipo. Sisemi ufunge makopo. Tafuta chako, fundi wa redio yupo sokoni.

Jumapili baada ya ibada nitakaa hapa hapa, nifumbe macho. Pita nyuma yangu mara tatu, wakati wowote unaotaka. Nikikusikia nitainua mkono. Yule mama wa beseni nimemwomba aje ahesabu.