Namba Mbili



Alhamisi jioni huwa tunacheza kikapu na vijana wa parokia ninapofanyia mwaka wangu wa kichungaji. Uwanja ni wa saruji, goli moja lina wavu, jingine ni chuma kitupu. Wiki iliyopita kijana mmoja wa kidato cha nne, mrefu kuliko sisi sote, aliruka ili adanki. Mpira ukagonga chuma, ukaenda kuangukia kwenye mihogo ya Baba Paroko. Wenzake wakapiga kelele, "Thabeet huyo! Thabeet!" Haikuwa sifa. Na mimi nikacheka, tena nilicheka sana.

Tulipokuwa tunafunga geti akanifuata. "Frateri, kwani Thabeet alikosa nini?"

Nikamjibu harakaharaka, kama mtu anayewahi kuoga: alipata nafasi, hakuitumia. Akasema, "Haya," akaondoka. Mimi ndiye nilibaki na swali lake, na hadi leo halijaniachia.

Wadogo zangu mliozaliwa juzi huenda hamkumbuki. Hasheem Thabeet ni mtoto wa Dar es Salaam, urefu wake mita 2.21. Alianza kucheza kikapu akiwa tayari ni mwanafunzi wa sekondari, umri ambao Wamarekani wenzake walikuwa wameshacheza miaka kumi. Akafika Chuo Kikuu cha Connecticut, akawa tishio la kuzuia mitupo, mara mbili akatajwa mlinzi bora wa ligi yao. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika drafti ya NBA. Wa pili, jamani! Mtanzania wa kwanza kufika huko. Wa tatu aliyeitwa baada yake ni James Harden. Wa saba ni Stephen Curry.

Hapo ndipo mzigo ulipoanza. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Februari 2010, Memphis wakamshusha kwenda ligi ya chini, kwa Dakota Wizards. Februari 2011 akabadilishwa kwenda Houston. Machi 2012, Portland. Baadaye misimu miwili Oklahoma City, akikaa benchi zaidi ya kucheza. Agosti 2014 akapelekwa Philadelphia, na kabla hajavaa jezi yao wakamwacha. Jumla, mechi 224 za NBA, wastani wa pointi 2.2. Watu wengi hesabu zao ziliishia hapo.

Lakini yeye hakuishia hapo. Alirudi ligi ya chini, kwa Grand Rapids Drive. Mwaka 2017 alikuwa Japani, Yokohama B-Corsairs. Msimu wa 2019/20 tunamkuta tena Marekani kwenye ligi ya chini, Fort Wayne Mad Ants, akiwa na miaka zaidi ya thelathini kati ya vijana wanaosubiri simu. Kisha Taiwani, kwa Hsinchu JKO Lioneers. Miaka zaidi ya kumi baada ya ile drafti, mtu bado anaamka asubuhi, anafunga viatu, anaenda kuzuia mitupo katika mji ambao lugha yake hakuzaliwa nayo.

Sasa swali la yule kijana. Alikosa nini?

Jibu la haraka ni lile nililolitoa mimi. Anayepewa kingi anadaiwa kingi, na urefu ule ni zawadi. Siwezi kulipuuza jibu hili, maana kuna ukweli ndani yake: kipaji si mali yangu peke yangu, na siku moja nitakitolea hesabu. Ila angalieni vizuri mfano wa talanta katika Mathayo 25. Sisi tunawakumbuka wawili tu, yule wa tano na yule aliyefukia. Katikati yupo mtumishi wa talanta mbili. Hakuleta kumi kama mwenzake, alileta nne, na bwana akampa sifa ileile, neno kwa neno. Hakuna anayehubiri juu yake. Halafu aliyefanya hesabu ni yule aliyetoa talanta. Watazamaji hawakuombwa maoni.

Thabeet hakupewa talanta za Curry akazifukia. Alipewa zake. Tulichomdai sisi ni matarajio, na matarajio tuliyabuni wenyewe: makocha, magazeti, sisi Watanzania tuliotaka sana mtu wa kutuonyesha duniani. Je, mtu anaweza kuwa na deni la kitu ambacho hakukopa? Nikiwa mwaka wa pili wa Falsafa ningewajibu kwa kurasa nane. Leo nasema tu: sidhani.

Kuna jambo jingine linanikera katika safari hii, nalo ni ule utaratibu wa kubadilishana wachezaji. Kwenye NBA, isipokuwa wachache sana wenye kipengele maalumu kwenye mkataba, mchezaji haombwi ridhaa. Anapigiwa simu. Jana ulikuwa Houston, kesho uko Portland, na mke na watoto watafuata. Ile safari ya Philadelphia ilikuwa shughuli ya mahesabu ya mishahara kuliko ya kikapu. Kant alifundisha kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu, na Karol Wojtyła kabla hajawa Papa aliligeuza fundisho hilo kuwa la upendo. Mtaniambia, "Frateri, amesaini mwenyewe, na analipwa mamilioni ya dola." Ni kweli. Simwonei huruma ya njaa. Lakini fedha haimgeuzi mtu kuwa kitu, inafanya tu tusione aibu tunapomtendea hivyo. Na tunapotumia jina lake kama tusi uwanjani, sisi tumefanya nini tofauti? Tumemfanya kipimo cha kuwachekea wengine.

Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa 1981 juu ya kazi ya binadamu, anatofautisha kazi kama kitu kinachofanyika na kazi kama tendo la mtu anayeifanya. Msingi wa thamani ya kazi, anafundisha, ni huyu wa pili. Nililisoma hili kwa ajili ya mtihani nikapata alama nzuri. Sikuwahi kujiuliza linamaanisha nini kwa mtu mwenye wastani wa pointi 2.2.

Linamaanisha kitu pia kwangu, na hapa naomba mnivumilie. Huu ni mwaka wangu wa pili wa kichungaji. Wenzangu wa darasa wameshaanza Taalimungu. Mimi nilipata barua ya mistari minne: endelea parokiani mwaka mmoja zaidi. Sababu haikuandikwa. Mama, ambaye siku hizi ananiita Frateri hata tukiwa jikoni wawili tu, aliuliza, "Sasa majirani tuwaambie nini?" Nikamwambia awaambie Baba Paroko ananihitaji. Uongo mdogo. Nimeungama.

Kwa hiyo nilipocheka Alhamisi, nadhani nilikuwa nacheka kwa nguvu ili nisisikike ndani. Mtu akishushwa ligi ya chini anatafuta wa kumcheka.

Najua pingamizi. Mwaminifu mmoja atasema maneno haya ni kitanda cha wavivu: kila atakayeshindwa atajitetea kwamba alipewa talanta mbili. Pingamizi hili ni zito na sina dawa yake kamili. Mimi mwenyewe kuna mitihani niliisoma usiku wa mwisho, na kuna Masifu ya asubuhi niliyoyaitikia nikiwa nimelala. Labda barua ile ina sababu ninayoijua. Hakuna mtu wa nje awezaye kupima kama mwingine alijitahidi au la, na hilo linakata pande zote mbili: linanizuia kumhukumu Thabeet, na linaninyima kichaka cha kujificha.

Aristotle alikiri jambo ambalo wahamasishaji wa mitandaoni hawapendi kulisikia: bahati ina nguvu, na mtu mwema anaweza kunyang'anywa mengi asiyo na uwezo nayo. Kisha akaleta mfano wa fundi viatu. Fundi mzuri hutengeneza kiatu kizuri iwezekanavyo kutokana na ngozi aliyopewa. Ngozi hakuichagua. Nawaza juu ya mtu mzima wa mita 2.21 katika chumba cha kubadilishia nguo huko Yokohama, akifunga bandeji miguuni, na jioni ana mechi ambayo nyumbani hakuna atakayeiangalia. Ngozi ndiyo ile iliyobaki. Kiatu kinashonwa.

Jumamosi nilimtafuta yule kijana baada ya mazoezi ya kwaya. Nikamwambia nilimjibu vibaya, na kwamba nilimcheka, na sikupaswa. Akaangalia chini, akasema, "Hamna shida, Frateri, nimezoea." Hilo "nimezoea" liliniuma kuliko kama angenuna. Tukaenda uwanjani tukarusharusha, nikamsimulia habari za Dakota, Yokohama na Taiwani. Alisikiliza kimya. Mwishoni akauliza Taiwani wanakula nini.

"Wali," nikamwambia.

"Kumbe," akasema, akaruka tena, mpira ukagonga chuma.