Deni la Mtegaji

Watu wengi hudhani kwamba katika mchezo wa kitendawili mwenye wajibu ni mmoja tu, naye ni mteguaji. Yeye ndiye atakiwaye kufikiri, yeye ndiye achekwaye asipojua, na yeye ndiye atoaye mji ashindwapo. Mtegaji huonekana kama bwana aliyeketi juu ya kiti chake, asiyewiwa na mtu kitu chochote. Dhana hiyo nilikuwa nayo mimi pia kwa miaka mingi, na kwa sababu yake nilimdhulumu mtoto mmoja katika mkoa wa Singida. Nataka kuchunguza hapa kama mtu atungaye fumbo kwa ajili ya akili ya mwenzake ana haki tupu, au ana haki na deni pamoja. Na kama ana deni, ni deni la namna gani.

Yafaa kwanza tuutazame mchezo wenyewe. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Wenzake hujibu, "Tega!" Neno hili la pili hupita upesi masikioni, walakini ndani yake mna jambo kubwa. Mwindaji ategaye kanga porini hangoji idhini ya kanga. Mtegaji wa kitendawili hungoja. Hawezi kufungua kinywa chake mpaka wale watakaonaswa wamemruhusu kuwanasa. Idhini hiyo hutolewa kwa imani: wasikilizaji huamini kwamba mtego una mlango wa kutokea, na kwamba mlango huo waweza kuonekana na macho yao wenyewe.

Kisha kuna mji. Wakishindwa, mtegaji hudai apewe mji, na akisha kupewa ndipo alitoapo jibu. Mji ni malipo ya ajabu, kwa maana haupewi aliyejua bali aliyewafanya wengine wasijue. Hapo pana kishawishi. Nilipata kumwona mvulana mmoja, karibu na ziwa Singidani, ambaye kila alipojibiwa sawasawa alilibadili jibu lake moyoni akasema, "Sicho." Watoto wale, Wanyaturu na Wanyiramba, walimpa Manyoni, wakampa Kiomboi, wakampa Dodoma na Tabora, Singida hawakumpa, kwani niliona kwamba mji wa kwao hawautoi hata kwa mchezo. Usiku ule alikwenda kulala akiwa mfalme wa reli ya kati. Jioni ya pili yake alisimama mahali pale pale akasema, "Kitendawili!" Hapana aliyejibu. Alisema tena na tena, na wenzake wakaendelea kupukuchua mahindi kana kwamba ni upepo tu uliopita. Hawakumpiga wala hawakumtukana. Walimnyima neno moja, na bila ya neno hilo mtegaji si kitu.

Nilicheka nilipoona hayo, bila ya kujua kwamba kosa langu mwenyewe lilikuwa kubwa kuliko la mvulana yule. Mwaka 2006 nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari mkoani humo. Katika mtihani wa kidato cha pili niliweka vitendawili vitano, na kimoja kilikuwa hiki kijulikanacho na kila aliyesoma vitabu vyetu: kuku wangu katagia mibani. Jibu lililomo vitabuni ni nanasi. Mwanafunzi mmoja aliandika: ndulele. Nilitia mkasi wa wino mwekundu juu ya neno lake bila ya kusita hata nukta moja. Mimi ni mzaliwa wa Tanga; kwangu nanasi huota nyuma ya nyumba. Yule mtoto aliponijia na karatasi yake kuuliza kosa lake, nilimwambia kwamba jibu ni nanasi kwa sababu jibu ni nanasi. Aliitikia, "Ndiyo, mwalimu," akaenda zake.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekwisha pata shahada zangu, nilikuwa nikitembea kwa miguu katika mkoa ule ule, nikapumzika kando ya njia. Mbele ya miguu yangu palikuwa na kichaka cha ndulele. Matunda yake yalikuwa ya mviringo, ya manjano, laini kama mayai, nayo yametulia katikati ya majani na mashina yenye miiba. Nililitazama tunda lile kwa muda mrefu. Nanasi, kusema kweli, halifanani na yai kabisa. Kwa umbo lafanana zaidi na kuku mwenyewe. Na mtoto wa bara kavu, ambako nanasi haliwezi kustawi, hata akiliona sokoni limekwisha kukatwa shinani; ile miiba ya mmea wake hajapata kuiona. Nilimtega kwa kitu asichokuwa nacho. Yeye alinijibu kwa kitu alichokuwa nacho, tena jibu lake lilikaa ndani ya maneno ya kitendawili vizuri kuliko langu.

Kuna jambo jingine liongezalo aibu yangu. Asili ya nanasi ni Amerika ya Kusini. Lilifika kwetu baada ya Wareno kuanza safari zao katika bahari zetu, yaani si zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Ndulele ni mwenyeji wa Afrika. Yamkini kuku yule alikuwa akitaga mibani kabla ya nanasi kuvuka bahari. Sisemi kwamba ilikuwa hivyo, maana sina ushahidi. Nasema tu kwamba jibu nililolilinda kama mali ya mababu lilikuwa mgeni, na nililolifuta lilikuwa mwenyeji.

Msomaji aweza kunipinga hapa, na upinzani wake si mwepesi. Atasema: ukikubali ndulele leo, kesho utakubali kila kitu, na mchezo utakufa, kwa kuwa kitendawili ni urithi wa jamaa na jibu lake ni sehemu ya urithi huo. Nakubali nusu ya maneno haya. Si kila jibu ni jibu. Tuchukue nyumba isiyo na mlango, ambayo jibu lake ni yai. Mtoto wa Singida, aliyezungukwa na majabali makubwa kupita nyumba, aweza kujibu, "Jiwe." Jiwe halina mlango, ni kweli, lakini si nyumba, maana hapana akaaye ndani yake. Katika yai yuko mkaaji. Basi jibu la jiwe huanguka, na haliangushwi na ukali wa mwalimu. Huangushwa na neno "nyumba". Hii ndiyo mizani. Kitendawili chenyewe ndicho hakimu. Mtegaji akisha kukitega amekwisha kukiweka mbele ya watu, na hana ruhusa ya kuleta sharti jipya ambalo halikuwamo katika maneno yake.

Naona ushahidi wa jambo hili katika mchezo wa mbali kabisa na kwetu. Mwaka 1981 Mjapani mmoja, Hiroyuki Imabayashi, alibuni mchezo wa kompyuta uitwao Sokoban, maana yake mtunza ghala. Mchezaji husukuma masanduku ndani ya ghala mpaka yafike mahali palipotiwa alama. Aweza kusukuma, hawezi kuvuta. Na sanduku likiisha kuingia pembeni halitoki tena. Kanuni ni hizo tu, na mtoto wa miaka saba huzielewa. Hata hivyo mwaka 1997 Joseph Culberson, mwanachuoni wa Kanada, alithibitisha kwamba mchezo huo ni katika jamii ya matatizo magumu mno, ambayo haijulikani njia ya haraka ya kuyafumbua yote. Watu wa nchi nyingi wameshika desturi ya kuchora maghala yao wenyewe na kuwapa wengine wayafumbue, bila ya malipo, kwa furaha tu ya kutega na kutegua.

Tazama sasa matokeo yake. Kwa kuwa ugumu wenyewe ni huo, mtu hawezi kulikodolea macho ghala gumu akajua kama lina njia au halina. Aweza kuhangaika juu yake mwezi mzima. Kitu kimtiacho moyo ni kuamini kwamba aliyelichora alipita mwenyewe kwanza. Na mteguaji akifika kwa hatua chache kuliko za mchoraji, kwa njia ambayo mchoraji hakuiota, haambiwi, "Sicho." Huhesabiwa hatua zake, na idadi yao huandikwa kuwa bora kuliko ile ya kwanza. Mchoraji ameshindwa katika ghala lake mwenyewe, na wachezaji hawaoni ajabu.

Sitaki kusema kwamba mafumbo yote yana deni hili. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, alipojibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, alifumba ili wengine wajue na wengine wasijue. Hiyo ilikuwa siasa, na siasa ina sheria zake. Lakini mwalimu hana vita na mwanafunzi wake. Mtihani ni kitendawili ambacho wasikilizaji wake hawakupata nafasi ya kusema "Tega", na wakinyamaza hatuwaoni kuwa wametuhukumu, twawaandikia sifuri. Kwa hiyo deni la mtegaji huyu ni zito zaidi, seuze lile la mvulana wa Singidani, ambaye wenzake waliweza kumnyamazia.

Mtoto yule sijui aliko. Alama mbili nilizomnyima haziwezi kumfikia.

Jioni ya siku ile niliyokaa mbele ya kichaka cha ndulele, nililala katika nyumba ya rafiki yangu. Binti yake, wa miaka kumi hivi, alinitegea kimoja alichokitunga mwenyewe: "Askari wangu wakiwa vijana humfuata mfalme kila aendako; wakizeeka hutazama alikotokea tu." Nilifikiri kwa muda mrefu. Nilisema ng'ombe, akauliza mfalme wao ni nani. Nilisema wanafunzi, akauliza lini wanafunzi wamezeeka. Nilishindwa, nikampa Tanga, mji nilikozaliwa, jambo ambalo ndugu zake walilistaajabia sana.

"Nimekwenda Tanga," akasema, "nikanyimwa hata maji ya kunywa. Ni alizeti."

Mchana kutwa nilikuwa nimepita katikati ya mashamba yake. Machanga yalikuwa yakiligeukia jua, na yaliyokomaa yote yalikuwa yamesimama kimya, yakitazama mashariki.